Lyudmila Gurchenko: staa aliyejaza kumbi kisha akakosa kazi

Siku chache kabla ya Mwaka Mpya wa 1957, kumbi za sinema za Umoja wa Kisovyeti zilipokea filamu ya vichekesho yenye nyimbo, iitwayo *Karnavalnaya noch*, yaani Usiku wa Kanivali. Tiketi zaidi ya milioni 48 zilikatwa. Katika filamu zote za Kisovyeti za 1956, hakuna iliyoifikia. Binti aliyeibeba filamu ile mabegani, Lyudmila Gurchenko, alikuwa na miaka 21 na bado alikuwa mwanafunzi wa chuo cha filamu.

Kwa hesabu za biashara ya sinema tunazozijua, mtu wa namna hiyo ameshatoka. Watayarishaji watapigana kumpata na bei yake itapanda. Lakini Gurchenko alisubiri karibu miaka 17 kabla ya kupewa uhusika mwingine mkubwa uliowafanya watu wamtazame upya. Katikati hapo alicheza vipande vidogo, akazunguka mikoani kuimba jukwaani, akapita kwenye ndoa zilizovunjika, na umri ukasonga. Kisha, akiwa amekaribia miaka 40, umri ambao waigizaji wengi wa kike huanza kusahauliwa, ndipo kazi zake kubwa zilipoanza kumiminika.

Warusi wana maelezo matatu ya kisa hiki. La kwanza linasema aliadhibiwa na wakubwa kwa sababu alikataa kuwa shushushu. La pili linasema magazeti yalimmaliza. La tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba mwanzoni hakuwa na kitu zaidi ya kiuno chembamba na sauti nzuri. Kila moja lina chembe ya ukweli, lakini hata ukiyajumlisha yote matatu hayatoshi. Ili kumwelewa Gurchenko inabidi kwanza kuuelewa mtambo uliotengeneza filamu za Kisovyeti: nani alichagua, nani alilipa, na mtazamaji alikuwa na nguvu gani. Jibu la hilo la mwisho ni fupi. Nguvu ya mtazamaji ilikuwa ndogo sana.

Binti wa Kharkiv

Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1935 mjini Kharkiv, mji ambao leo uko Ukraine. Ndiyo maana kumwita "mwigizaji wa Kirusi" kunahitaji uangalifu kidogo: aliigiza kwa Kirusi, aliishi na kufia Moscow, lakini alikulia Ukraine ya Kisovyeti, na alipofika Moscow kusoma ilimbidi aifanyie kazi lafudhi ya kwao mpaka imtoke mdomoni. Baba yake, Mark Gavrilovich, alikuwa mpiga bayan, ile kodiani ya Kirusi yenye vitufe pande zote mbili, na nyumba yao ilikuwa ya muziki tangu asubuhi.

Wajerumani walipoiteka Kharkiv mwaka 1941, baba alikuwa ameshakwenda vitani. Lyudmila na mama yake walibaki mjini wakiwa chini ya utawala wa adui. Njaa ile, baridi ile na watu walionyongwa hadharani aliviandika miaka mingi baadaye katika kitabu cha kumbukumbu za utoto wake kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ambacho wasomaji wengi walishangaa kuona ameandika mwenyewe na ameandika vizuri. Naligusa jambo hili mapema kwa sababu litarudi. Mtu aliyemwona akiimba na kurusha mguu mwaka 1956 asingeweza kujua kwamba ndani ya gauni lile kuna mtoto wa vita.

Mwaka 1953 aliingia VGIK, chuo kikuu cha serikali cha filamu, katika darasa la Sergei Gerasimov na mkewe Tamara Makarova, walimu waliotoa kizazi baada ya kizazi cha mastaa wa Kisovyeti.

Dakika tano zilizomfanya na kumfunga

*Karnavalnaya noch* ilikuwa filamu ya kwanza ya hadithi ya Eldar Ryazanov, kijana aliyekuwa ametokea kwenye filamu za matukio halisi. Hadithi yake ni nyepesi. Vijana wa Nyumba ya Utamaduni, yaani ukumbi wa serikali wa burudani, wanaandaa sherehe ya Mwaka Mpya. Kaimu mkurugenzi wao mpya, Ogurtsov, anayechezwa na mkongwe Igor Ilyinsky, anataka sherehe iwe ya "maana": kuwe na hotuba, kuwe na mhadhara, vichekesho vipunguzwe, na magauni ya wasichana yafunike zaidi. Lena Krylova, ambaye ni Gurchenko, pamoja na wenzake wanamzunguka mzee huyu usiku kucha, kila kipande chake kigumu wakikigeuza burudani.

Mwaka ule una uzito wake. Februari 1956 kiongozi wa chama, Nikita Khrushchev, alikuwa amezifichua jinai za Stalin mbele ya mkutano mkuu wa chama. Miezi kumi baadaye watu wanakaa ukumbini wanamcheka bosi wa serikali hadharani, na hakuna anayekamatwa. Sehemu kubwa ya hizo tiketi milioni 48 ilitokana na pumzi ile mpya.

Sehemu nyingine ilitokana na dakika chache ambazo Lena anasimama mbele ya bendi akiwa na gauni jeusi lililobana kiunoni na kufunguka chini kama mwavuli, anaimba kwamba zimebaki dakika tano mwaka uishe. Mtazame usoni kipande kile. Hamtupii jicho mpenzi wake wala watu wa ukumbini. Anaitazama kamera moja kwa moja, anafurahi nayo, na mikono yake inamalizia kila mstari wa wimbo sekunde moja kabla ya sauti. Ni uigizaji wa jukwaa la muziki, wenye kila kitu kimeonyeshwa na hakuna kilichofichwa. Warusi mpaka leo huuimba wimbo ule kila mwisho wa mwaka.

Namna alivyoupata uhusika huo inafundisha mengi kuhusu mtambo wenyewe. Kwa masimulizi ya wahusika, usaili wake wa kwanza haukwenda vizuri na alikuwa ameshawekwa pembeni. Ivan Pyryev, mkuu wa studio ya Mosfilm, alimkuta kwenye korido, akampenda, na akaagiza apigwe picha upya, safari hii kwa taa nzuri. Basi. Mkubwa mmoja akipita kwenye korido alitosha kumtoa mtu, na mkubwa mwingine akinuna alitosha kumzika.

Mtambo ulivyokuwa ukifanya kazi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo niende taratibu.

Studio zote zilikuwa za serikali. Mosfilm ya Moscow na Lenfilm ya Leningrad zilikuwa kubwa zaidi, na kila jamhuri ilikuwa na yake. Juu yao kulikuwa na Wizara ya Utamaduni, na kuanzia 1963 kamati ya serikali ya sinema, Goskino. Filamu ilianza kama mada kwenye mpango wa mwaka: ngapi za wafanyakazi, ngapi za vita, ngapi za watoto. Muswada ulipita kwa wahariri. Baada ya hapo mwongozaji aliita waigizaji, akawapiga picha za majaribio, na picha zile zikaonyeshwa kwa baraza la sanaa la studio, ambalo lilikaa, likajadili, na kupitisha au kukataa. Mwigizaji hakuwa na wakala wa kumtetea wala mtayarishaji wa kujitegemea wa kumkimbilia. Asingeweza pia kukusanya fedha atengeneze filamu yake. Kazi yake ilikuwa kusubiri simu.

Malipo nayo yalikuwa na utaratibu wake. Kila mwigizaji alikuwa na daraja, na kila daraja lilikuwa na kiwango kwa siku ya kupiga picha. Mapato ya tiketi yaliingia serikalini. Filamu ikatazamwa na milioni 48 au ikalala ghalani, mfukoni mwa mwigizaji hesabu ilikuwa ileile. Kwa hiyo wale watazamaji wote, ambao mahali pengine wangekuwa mtaji wa kumwendea bosi na kumwambia "nilipe au nahama", kwa Gurchenko walikuwa barua tu ndani ya magunia.

Waigizaji waliishi vipi? Kwa jukwaa. Walizunguka miji na viwanda, wanaimba, wanasimulia, wanaonyesha vipande vya filamu zao. Kulikuwa na njia rasmi yenye viwango vya serikali, na kulikuwa na michongo ya pembeni: klabu ya kiwanda inakuita, unaimba, unapewa bahasha. Karibu kila mtu mwenye jina alifanya hivyo. Gurchenko, mwanafunzi mwenye posho ya chuo na sura inayojulikana nchi nzima, alifanya pia. Mwaka 1957 gazeti la umoja wa vijana, Komsomolskaya Pravda, likamchapa makala ya kejeli: kijana wa Kisovyeti aliyelewa sifa anakimbilia fedha. Magazeti mengine yakadakia.

Makala ya gazeti kule haikuwa maoni ya mwandishi tu. Ilisomwa kama ishara kutoka juu. Mtu wa baraza la sanaa akiletewa picha za majaribio za mwigizaji aliyesemwa vibaya na Komsomolskaya Pravda, njia rahisi ya kulinda kiti chake ni kusema "tutafute mwingine". Hakuna haja ya amri iliyoandikwa.

Na lile la ushushushu? Miaka ya uzeeni Gurchenko alisimulia kwamba kabla ya Tamasha la Kimataifa la Vijana na Wanafunzi lililofanyika Moscow mwaka 1957 aliitwa na kutakiwa atoe taarifa za wageni, akakataa, na kwamba baada ya hapo ubaridi ulianzia hadi kwa waziri wa utamaduni. Ni masimulizi yake, na yanalingana na desturi za wakati ule. Ila orodha ya filamu zake haikubaliani na wazo la marufuku kamili. Mwaka 1958 ilitoka *Devushka s gitaroy*, Msichana mwenye Gitaa, iliyotungwa kwa ajili yake kabisa, ikiwa na harufu ya tamasha lilelile. Tatizo ni kwamba ilifika baada ya wageni kwenda zao na haikuwa na makali ya ile ya kwanza. Mwaka 1961 yuko Kyiv na Leningrad. Mwaka 1963 yuko Estonia kwenye filamu ya baiskeli. Mwaka 1964 anacheza kipande kidogo kwenye *Zhenitba Balzaminova*. Mwaka 1969 serikali ikampa cheo cha Msanii wa Heshima. Mtu aliyefutwa hapewi cheo.

Kwa maoni yangu kilichommaliza zaidi kilikuwa kitu cha kawaida kuliko ushushushu. Aina ya filamu iliyomfaa ilikuwa inakufa. Vichekesho vya nyimbo na ngoma vilikuwa mali ya enzi ya Stalin, enzi ya Lyubov Orlova, mwigizaji ambaye Gurchenko mwenyewe alimhusudu. Waongozaji wapya wa miaka ya 1960 walitaka nyuso tulivu, watu wanaoongea kama majirani, kamera inayozurura mitaani. Msichana anayejua kugonga visigino, kukata jicho na kumalizia wimbo kwa mkono juu aliwaonekea kama kitu cha dukani. Alijaribu kujirekebisha: mwaka 1963 aliingia Sovremennik, jumba la michezo la Oleg Yefremov lililokuwa ngome ya uigizaji wa kimyakimya, akaondoka baada ya miaka mitatu hivi bila kupata alichokitaka.

Kuna filamu moja ya kipindi hicho ambayo ilipaswa kuwafungua macho. Katika *Rabochiy posyolok*, Kijiji cha Wafanyakazi, ya 1965, mwongozaji Vladimir Vengerov alimpa uhusika wa mke wa mtu aliyepofuka vitani na kuzama kwenye pombe. Mume ni Oleg Borisov. Gurchenko pale hana wimbo wala gauni. Ana uso uliochoka na hasira ya mtu aliyevumilia mpaka akaishiwa. Waliomwona walisifu. Kisha simu ikanyamaza tena.

Milango miwili ikafunguka kwa pamoja

Mwaka 1973, studio ya Lenfilm, Viktor Tregubovich anatengeneza *Stariye steny*, Kuta za Zamani. Mhusika mkuu ni Anna Georgievna, mkurugenzi wa kiwanda cha nguo chenye wafanyakazi wengi wanawake. Kwenye mpango wa mwaka hii ni filamu ya "mada ya uzalishaji", aina ambayo watu waliikwepa kama dawa chungu. Tregubovich akamchagua Gurchenko na wengi wakashangaa: mwimba vichekesho awe bosi wa kiwanda?

Ukiitazama leo unaelewa alichokiona. Gurchenko amemjenga bosi yule kutoka kwenye mwili: nywele zimefungwa, mgongo umenyooka kupita kiasi, na hatua zake ni za mtu aliyezoea korido ndefu. Halafu anakwenda likizo, anakutana na mwanamume, na mgongo ule unakosa pa kujiegemeza. Hajui mikono aiweke wapi. Yule msichana aliyekuwa na jibu la mkono kwa kila mstari wa wimbo sasa anaonyesha mtu asiyejua mikono ni ya nini. Filamu ilipata Tuzo ya Serikali ya Urusi mwaka 1976.

Mlango wa pili ulikuwa televisheni, na huu wanaoandika habari zake huupita haraka mno. Televisheni ya Kisovyeti haikuwa chini ya Goskino. Ilikuwa na kamati yake ya serikali, bajeti yake, na kitengo chake cha kuagiza filamu kilichoitwa Ekran. Kwa mwigizaji hilo lilimaanisha kwamba kulikuwa na mteja wa pili, mwenye mabaraza yake na ladha yake. Na mteja huyu alikuwa na shida moja mahususi: sikukuu. Kila Mwaka Mpya nchi nzima ilikuwa imekaa mbele ya kioo ikitaka nyimbo, ngoma na kicheko. Aina ile ya filamu iliyokufa ukumbini ikafufukia sebuleni.

Leonid Kvinikhidze akamweka Gurchenko kwenye *Solomennaya shlyapka*, Kofia ya Majani, ya 1974, pamoja na Andrei Mironov, kisha kwenye *Nebesnye lastochki*, Mbayuwayu wa Angani, ya 1976. Ni vichekesho vya Kifaransa vilivyovalishwa nyimbo za Kirusi, vyepesi, vya kurudiwa kila sikukuu. Mwaka 1978 Evgeny Ginzburg akampa kipindi kizima, *Benefis*, abadilike uhusika baada ya uhusika kwa saa nzima na zaidi. Katikati ya hayo, akipiga picha za *Mama*, filamu ya muziki ya ushirikiano wa Warusi, Waromania na Wafaransa, alivunjika mguu vibaya kwenye barafu. Akaunganishwa, akarudi kucheza ngoma.

Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1970 mtazamaji alikuwa na Gurchenko wawili. Mmoja anang'ara kwenye televisheni siku ya sikukuu. Mwingine, ukumbini, anazidi kuwa mkimya.

Huyo wa pili alitokana na yule mtoto wa vita. Aleksei German alipotengeneza *Dvadtsat dney bez voyny*, Siku Ishirini Bila Vita, ya 1976, kutokana na maandishi ya Konstantin Simonov, aliwachukua watu wawili ambao nchi ilizoea kuwacheka: Yuri Nikulin, mchekeshaji wa sarakasi, na Gurchenko. Mwandishi wa habari anapata likizo fupi kutoka mstari wa mbele, anakwenda Tashkent, anakutana na mwanamke, wanapata muda mfupi pamoja, anarudi vitani. Hakuna kinachotokea zaidi ya hapo. German aliwapangia nyumba za baridi, vyombo vilivyochoka, watu wanaokatizana maneno. Gurchenko hakuhitaji kuelezwa njaa ya vita inafananaje.

Miaka miwili baadaye Nikita Mikhalkov, akiwa anasubiri majira yabadilike ili aendelee na filamu yake nyingine kubwa, *Oblomov*, alitumia mapumziko hayo kupiga *Pyat vecherov*, Jioni Tano, kutoka mchezo wa Alexander Volodin. Ilikamilika kwa wiki chache tu. Tamara ni msimamizi kiwandani, analea mpwa wake, anaishi chumba katika nyumba ya pamoja. Mwanamume aliyempenda kabla ya vita anagonga mlango baada ya miaka 18. Wote wawili wanadanganyana kuhusu maisha yao. Karibu filamu nzima inachezwa ndani ya vyumba, bila rangi, mpaka mwishoni rangi inapoanza kupenya polepole, na Tamara, mwanamume akiwa amelaza kichwa karibu naye, anaongea mambo madogomadogo ya kesho na keshokutwa, kisha katikati ya hayo anasema laiti vita visitokee tena. Anausema mstari ule kama mtu anayetaja mkate umekwisha. Kwangu mimi hapo ndipo kilele cha kazi yake yote kilipo, juu hata ya zile filamu zilizompa umaarufu zaidi.

Mwaka huohuo Andrei Konchalovsky, kaka yake Mikhalkov, alimtumia katika *Sibiriada*, iliyopata tuzo kubwa ya baraza la majaji kule Cannes mwaka 1979.

Vera, mhudumu wa stesheni

Mwaka 1982 Ryazanov, yuleyule wa *Karnavalnaya noch*, alimrudia kwa *Vokzal dlya dvoikh*, Stesheni ya Watu Wawili. Kwa miaka 20 iliyotangulia hakuwa amempa uhusika mkubwa, jambo ambalo linasema mengi kuhusu mtambo na kidogo kuhusu urafiki.

Platon, mpiga piano anayechezwa na Oleg Basilashvili, anashuka treni kwenye mapumziko ya dakika 20 ale chakula katika mgahawa wa stesheni. Chakula hakiliki. Anagoma kulipa. Mhudumu, Vera, anamkamata, wanabishana, polisi anaitwa, treni inaondoka. Hapo hadithi inaanza.

Mtazame Gurchenko katika nusu saa ya kwanza. Sauti ameipandisha kidogo, ina ule ukwaruzo wa mtu anayeshinda akiwapigia watu kelele. Anatembea na trei kama mtu asiyejua kama anaitembeza. Anapomtazama Platon hamtazami. Anahesabu kama ni mteja wa kulipa au wa kukimbia. Amemfanya Vera awe mkali, mjanja, asiye na haya, na hatafuti huruma yako. Huruma inakuja yenyewe baadaye, wanapokwama na mzigo wa matikiti ya magendo ya kondakta wa treni, anayechezwa na Mikhalkov, na inabidi mpiga piano asimame sokoni kuyauza. Vera anamfundisha kutaja bei bila aibu.

Biashara ile ya magendo siyo pambo. Filamu inaonyesha uchumi halisi wa miaka ya mwisho ya utawala wa Brezhnev, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, ambapo duka la serikali ni tupu na kila kitu kinapita mikononi mwa kondakta, mhudumu na mwuza sokoni. Na mwishoni, Platon akiwa mfungwa anayepaswa kuwahi kuitwa majina alfajiri, wote wawili wanakimbia kwenye theluji mpaka Platon anaanguka, Vera anamsukuma, anamvuta, naye kwa nguvu za mwisho anapiga kodiani ili walinzi wasikie kwamba amefika.

Filamu ilishindania tuzo Cannes mwaka 1983. Wasomaji wa jarida *Sovetsky Ekran* walimchagua Gurchenko mwigizaji bora wa kike wa mwaka, na mwaka huohuo akapewa cheo cha juu kabisa, Msanii wa Watu wa Umoja wa Kisovyeti. Kabla yake, mwaka 1981, alikuwa amembebea Pyotr Todorovsky filamu nzima, *Lyubimaya zhenshchina mekhanika Gavrilova*, ambamo mwanamke anamsubiri bwana harusi siku nzima.

Kisha ikaja *Lyubov i golubi*, Mapenzi na Njiwa, ya Vladimir Menshov, iliyoonyeshwa kuanzia 1985. Pale ni Raisa Zakharovna, mwanamke wa ofisini anayemnasa mfuga njiwa wa kijijini huko likizoni baharini kwa stori za nguvu za nyota na mambo yasiyoonekana. Ni uhusika wa pembeni, na umepakwa rangi nzito kuliko yote aliyocheza. Ukimwuliza Mrusi wa leo kuhusu Gurchenko, uwezekano mkubwa atakutajia huu, kwa sababu televisheni haijaacha kuirudia filamu hiyo.

Umoja ulipovunjika

Mtambo ulioelezwa hapo juu ulianguka mwaka 1991 pamoja na nchi yake. Studio zikakosa fedha, kumbi za sinema zikageuzwa maduka ya samani na magari, na filamu nyingi zilizopigwa miaka ile hakuna aliyeziona. Waigizaji wa rika lake wengi walipotea hapo. Gurchenko aliokolewa na kile alichokuwa nacho tangu mwanzo: aliweza kuimba na kucheza. Vipindi vya sikukuu vya televisheni viliendelea kumwita, akatembea na maonyesho ya jukwaani, akabaki machoni mwa watu.

Mwaka 2000 Ryazanov alimweka katika *Starye klyachi*, hadithi ya wanawake wanne waliokuwa na heshima zao enzi za Kisovyeti na sasa wanahangaika na kazi za mtaani ndani ya Moscow ya matajiri wapya. Filamu ina kelele nyingi na haijakaa vizuri. Ule mwendelezo wa *Karnavalnaya noch* uliotengenezwa miaka 50 baadaye ni dhaifu zaidi, na sioni sababu ya kuutafuta.

*Pyostrye sumerki* ya 2009, kuhusu kijana mwanamuziki asiyeona, inavutia kwa sababu nyingine. Aliiongoza kwa kushirikiana na Dmitry Korobkin, akatunga muziki, akaigiza. Akiwa na miaka 73 alifanya kile ambacho mtambo wa zamani usingemruhusu akiwa na 25 na barua magunia kwa magunia: kuanzisha filamu yake mwenyewe.

Alifariki Moscow tarehe 30 Machi 2011, wiki chache baada ya kuvunjika nyonga, akazikwa makaburi ya Novodevichy. Mwaka 2015 televisheni ya Urusi ikaonyesha tamthilia ya maisha yake, Yulia Peresild akimwigiza. Tamthilia hiyo inaegemea sana hadithi ya adui mmoja mwenye cheo anayemwandama, kwa kuwa adui mmoja ni rahisi kuonyeshwa kwenye kioo kuliko baraza la watu 12 wanaosema "tutafute mwingine".

Kwa anayetaka kuanza kumtazama, Mosfilm imeweka filamu zake nyingi YouTube bure, kadhaa zikiwa na tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Anza na *Vokzal dlya dvoikh*, maana inacheka na kuuma kwa wakati mmoja. Kisha *Pyat vecherov*, usiku, simu ikiwa mbali. *Karnavalnaya noch* iache ya tatu: ukishawajua Tamara na Vera, wimbo ule wa dakika tano utausikia tofauti, na utaanza kumtazama yule binti wa gauni jeusi kwa maswali ambayo watazamaji wa 1956 hawakuwa nayo.